Barua ya Maluku

Barua hii niliiandika mara tatu. Nakala zote ninazo hapa Lubumbashi, ndani ya bahasha ya kaki: ya kwanza ni kwa meya wa Kinshasa, ya pili ni kwa waziri, ya tatu ni kwa bugumestre, yaani mkuu, wa komini ya Maluku, moja ya sehemu za mji huohuo. Maneno ya ndani hayakubadilika. Kilichobadilika ni jina la mpokeaji, na kila lilipobadilika nilijifunza jambo kuhusu mji mkuu wa nchi yangu ambalo mtu aliyefundisha watoto miaka yote hii alipaswa kulijua zamani.

Mwenye shida ni yaya wangu. Wasomaji wa Mombasa na Dar es Salaam wasishangae: kwetu yaya si mlezi wa watoto wa watu, ni dada aliyekutangulia kuzaliwa. Mwaka 2009 alimfuata mumewe Kinshasa. Shemeji alikuwa dereva wa lori. Alipochoka na lori akachukua shamba la hektari nane kwenye nyanda za juu za Bateke, upande wa Mbankana, ndani ya Maluku, akapanda muhogo, mahindi na mistari ya akasia ya kuchoma makala, yaani mkaa. Alifariki 2021 kwa ugonjwa, akamwachia yaya shamba na watoto wanne. Mwanzoni mwa 2023 vita vya wanamgambo wanaoitwa Mobondo vilikuwa vimesogea. Yaya akafunga mizigo, akarudi kwetu. Mwaka uliofuata jirani wa kule akampigia simu usiku: upande wa bondeni, penye akasia, kuna watu wanapima kwa kamba.

Yaya hakutaka fidia wala kesi. Alitaka karatasi moja tu, yenye mhuri, inayosema kwamba shamba lile lina mwenyewe na mwenyewe yuko hai. Nani anaitoa karatasi hiyo?

Mimi nilijibu bila kufikiri. Hapa kwetu mji una meya, chini yake kuna mabugumestre wa komini saba, chini yao kuna machifu wa karitye, yaani mitaa, na chini kabisa chifu wa avenyu anayejua nani kalala kwa nani. Basi nikaenda kwenye kibanda cha kuchapa barua, nikaagiza: "Kwa Mheshimiwa Meya wa Mji wa Kinshasa." Kijana wa kompyuta aliacha kuandika. Alikuwa amesoma Kinshasa miaka miwili.

"Papa, kule hakuna meya. Kuko gavana tu."

Nilimbishia. Nikamwambia mji wa mamilioni ya watu hauwezi kukosa meya wakati Likasi inaye. Akacheka kwa adabu, akaichapa kama nilivyotaka, akapokea pesa yake. Usiku nikafungua katiba.

Kijana alikuwa sahihi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 2, inasema Jamhuri imeundwa na mji wa Kinshasa pamoja na majimbo 25. Kinshasa ni mji mkuu na makao ya taasisi za taifa, na ina hadhi ya jimbo. Kifungu hichohicho kinaongeza kwamba makao makuu hayawezi kuhamishwa bila kura ya maoni ya wananchi wote. Kwa hiyo Kinshasa haina meya kwa sababu ileile inayolifanya jimbo la Haut-Katanga lisiwe na meya: ni jimbo. Ina gavana na makamu wake, wanaochaguliwa na bunge la jimbo kwa miaka mitano. Ina mawaziri wa jimbo, ambao katiba haiwaruhusu kuzidi 10. Gavana wa sasa, Daniel Bumba, alichaguliwa hivyo mwaka 2024. Mwananchi wa kawaida hampigii kura gavana. Anampigia kura mbunge wa jimbo, halafu wabunge wanamalizana wenyewe, na namna wanavyomalizana ni maongezi ya siku nyingine.

Kuna alama ndogo inayoonyesha kwamba jimbo hili si kama mengine. Kila jimbo linapeleka maseneta wanne. Kinshasa inapeleka wanane.

Tazama sasa tundu lilipo. Kwetu Lubumbashi, kati ya gavana wa jimbo na bugumestre yuko meya. Kinshasa ngazi hiyo haipo: kutoka kwa gavana unashuka moja kwa moja hadi kwa mabugumestre 24. Ziko wilaya nne, Lukunga, Funa, Mont Amba na Tshangu, na majina hayo utayasikia sana wakati wa uchaguzi kwa sababu ndiyo majimbo ya kupigia kura, lakini mtu mwenye shamba hana mlango wa kugonga huko.

Nilipomwambia mjomba kwamba nimekosea, yeye akanikosesha zaidi. Mjomba alifanya kazi ya serikali enzi za Zaire na bado anazungumza kama mtu mwenye ofisi. "Mji mkuu ni mali ya taifa," akasema. "Andika kwa waziri." Na mimi nikaandika. Barua ya pili ilikwenda kwenye wizara moja kwa mkono wa msafiri, na sikuwahi kusikia hata kwamba imefika.

Lakini sitaki kumcheka mjomba. Angekuwa Mnigeria angekuwa sahihi kabisa: Abuja na eneo lake lote linaongozwa na waziri anayeteuliwa na rais, halina gavana. Angekuwa Mkenya angekosea, maana Nairobi ni kaunti na tangu 2013 wakazi wanamchagua gavana wao wenyewe kwa kura. Kila nchi imelifunga fundo hili kivyake: rais analala katika mji huo, mabalozi wako huko, sasa mwenye nyumba ni nani? Sisi tulisema jimbo. Halafu, kwa mtazamo wangu, tukaliacha jimbo hilo kwenye kivuli cha ikulu. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka jimboni yabaki jimboni; magavana wa kila upande, wa kwetu wakiwemo, wamelilia asilimia hiyo tangu 2006.

Barua ya tatu, basi. Kwa bugumestre wa Maluku.

Hapa ndipo nilipotoa ramani, na hapa ndipo nataka msomaji akae na mimi kidogo. Kinshasa yote ina kilomita za mraba 9,965. Komini ya Maluku peke yake ina zaidi ya 7,900. Yaani ukiigawa Kinshasa mafungu matano, karibu manne ni Maluku. Mji wetu wa Lubumbashi, na komini zake zote saba, una 747. Maluku inaumeza mara kumi na bado inabaki na nafasi. Na ndani ya ukubwa huo hakuna maghorofa wala taa za barabarani. Kuna nyasi, mashamba, vijiji vya Wateke, na mpango wa akasia wa Mampu ambako familia zaidi ya 300 ziligawiwa hekta 25 kila moja, zipate kulima na kuchoma makala kwa ajili ya majiko ya mjini. Kuna Barabara ya Taifa namba 1, ileile inayopita kwetu kwenda Kasumbalesa, ila kule inaelekea Kenge na Kikwit.

Mkazi wa Mbankana yuko umbali wa karibu kilomita 150 kutoka Gombe, kwenye ikulu na balozi. Kwa sheria, yeye na yule anayekaa dirishani akitazama mto Kongo na Brazzaville ng'ambo ni wakazi wa mji mmoja. Yaya alikuwa akisema "nashuka Kinshasa" alipokwenda sokoni, na alikuwa Kinshasa tayari.

Sisi watu wa Lubumbashi tusijione wajanja. Tunayo komini Annexe, inayouzunguka mji kama pete, na watu wake nao husema "naenda mjini" wakati wako mjini. Kila asubuhi waendesha baiskeli wa makala wanaingia kutokea huko, magunia yamepangwa juu kuliko kichwa cha mwenyewe, na hakuna anayeuliza wamevuka mpaka gani. Tofauti ni kwamba Annexe ikizidiwa, juu yake yuko meya mwenye mji wa kilomita 747 wa kuangalia. Bugumestre wa Maluku ana eneo lipatalo mara tatu la Luxembourg, na ngazi inayomfuata ni gavana, ambaye mezani kwake kuna takataka za Masina, mafuriko ya Ndjili na msongamano wa Limete. Mtu mwenye akasia bondeni atasubiri.

Na mabugumestre wenyewe? Hapa kuna jambo linaloniuma kama mtu wa mji huu. Desemba 1957, chini ya Wabelgiji, palipigwa kura za komini katika miji mitatu: Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ndiyo Kinshasa, Lubumbashi na Likasi za leo. Walipiga wanaume tu, na juu yao alibaki Mzungu. Lakini walipiga, na kule Léopoldville Joseph Kasa-Vubu, baadaye rais wa kwanza wa nchi, akawa bugumestre wa Dendale, komini ambayo leo ina jina lake. Katiba ya 2006 ilirudisha ahadi hiyo. Desemba 2023 tulichagua madiwani wa komini kwa mara ya kwanza chini ya katiba hiyo, katika miji mikuu ya majimbo. Tangu katiba hiyo hadi hapo bugumestre aliteuliwa kutoka juu, na mtu aliyeteuliwa kutoka juu hutazama juu.

Turudi kwenye shamba. Niliandika barua ya tatu, nikaambatanisha karatasi za yaya. Ziko mbili. Ya kwanza imechanwa kwenye daftari la shule lenye mistari, imekunjwa mara nane hadi mikunjo imetoboka, na pembe moja ina doa la mafuta ya mawese. Imeandikwa kwa kalamu ya buluu kwamba chifu wa ardhi amempa shemeji mahali pa kulima "kutoka mti mkubwa hadi kijito," kwa mbuzi wawili, blanketi na dumu la divai. Chini kuna dole gumba la chifu na sahihi za mashahidi watatu. Ya pili ni kadi ya mpiga kura ya yaya, aliyojiandikisha kule mwishoni mwa Desemba 2022, siku za kwanza kabisa za uandikishaji upande wa Kinshasa. Picha imefifia hata sura haionekani vizuri. Neno Maluku linasomeka.

Karatasi ya chifu ina nguvu gani? Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali. Chifu hauzi, na wewe hununui. Unapewa haki ya kutumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili kutoka kwa konservateri wa hati za ardhi. Kilicho nje ya hapo ni mazoea, hata kama mazoea hayo ndiyo yanayowalisha watu. Sheria hiyohiyo inaweka vipimo vya nani anaruhusu nini: gavana anaweza kutoa hadi hektari 200 za shamba, lakini hektari 10 tu za mjini.

Umeona fundo? Hektari nane za shemeji ziko mjini ama shambani? Maluku ni komini ya mji mkuu. Kwenye karatasi za utawala huiita "ya mji na shamba" kwa pamoja, neno la kupatanisha watu wawili ambao hawajakutana. Shemeji, Mungu amrehemu, hakuwahi kwenda kwa konservateri. Aliniambia siku moja kwa simu: mbuzi wawili nimetoa, nani tena anataka mbuzi?

Jibu la swali lake lilikuja baada ya kifo chake. Mwezi Juni 2022, kule Kwamouth, jimbo la Mai-Ndombe linalopakana na Maluku, Wateke wenye ardhi na Wayaka wanaolima walianza kuuana. Chanzo kilikuwa ni kile mkulima anachompa chifu kutoka kwenye mavuno: kiasi gani, na kwa nini kiongezwe. Moto huo, ndio vita vya Mobondo, ukasambaa hadi ndani ya Maluku, ndani ya mpaka wa mji mkuu. Desemba 2023 nchi ilipopiga kura, Kwamouth haikupiga, pamoja na Masisi na Rutshuru. Aprili 2024 machifu wa pande mbili walitia saini ahadi ya amani mbele ya Rais, lakini mashambulizi hayakukoma. Watu wa Goma na Bukavu wakisikia "Kinshasa" huwaza mji unaolala salama huku wao wakihesabu wafu. Nawaelewa. Ila robo tatu na zaidi ya ardhi ya Kinshasa haiko mbali na hadithi yao: ardhi, chifu, mgeni aliyekaa miaka ishirini na bado mgeni.

Sheria inakubali kwamba ndani ya komini panaweza kuwepo vijiji vya kimila vilivyomezwa na mji. Vimemezwa, lakini havijasagwa. Chifu wa Kiteke bado anagawa, bugumestre bado anapiga mhuri, konservateri bado anasubiri faili, na kila mmoja akiulizwa anamtaja mwingine.

Jambo la mwisho ambalo barua ililazimika kujibu lilikuwa dogo: thibitisha kwamba ulikuwa ukikaa huko. Nilidhani ndilo jepesi.

Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho Julai 1984. Nakumbuka, walituandikia namba kwa chaki mlangoni, na mama akatukataza kuifuta, ikakaa hadi mvua za Novemba. Mwaka huo Kinshasa ilipatikana na watu milioni 2.6 na ushee. Tangu hapo ni makadirio, na makadirio ya leo yanaanzia milioni 12 na kupita 17. Pengo kati ya kadirio la chini na la juu ni kubwa kuliko Kinshasa nzima ya 1984. Watu hugawanya, tuseme, milioni 15 kwa kilomita 9,965, wanapata wakazi 1,500 kwa kilomita moja na kuandika hivyo vitabuni. Hesabu hiyo haimhusu mtu yeyote. Ukiondoa Maluku na Nsele zinabaki kilomita kama 1,100 tu, na hata ukiziachia komini hizo mbili watu milioni nzima, waliobaki wanabanana zaidi ya 12,000 kwenye kila kilomita. Huku Mbankana unaweza kutembea asubuhi nzima ukakutana na mbuzi tu. Mji mmoja, wastani mmoja, na wastani huo hauishi mahali popote.

Kwa kuwa hakuna hesabu ya watu, viti vya bunge hugawanywa kwa idadi ya walioandikishwa kupiga kura, na kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho tunachotembea nacho. Kwa hiyo yaya anahesabiwa Maluku. Anakula bukari yetu na sombe yetu, watoto wake wanasoma Katuba, anateka maji kisima cha jirani, lakini kwa Jamhuri ni mkazi wa mji mkuu. Na kama angejiandikisha huku mwezi uliofuata, shamba lingepoteza ushahidi wake wa pekee wenye nembo ya taifa. Alilijua hilo. Ndiyo sababu alivumilia milio ya risasi wiki zile mbili, apige picha kwanza ndipo akimbie. Mimi niliona ukaidi. Sasa naona alikuwa na akili kuliko barua zangu zote.

Kadi haikutosha. Tuliambiwa, na kwa haki kabisa, kwamba inatakiwa hati ya makazi kutoka kwa chifu wa karitye. Yaya akamtafuta kwa simu wiki nzima. Chifu naye alikuwa amekimbia; yuko Nsele, kwa mkwe wake, analala sebuleni. Mhuri aliuacha. Daftari alilibeba.

Walizungumza Lingala kwa muda mrefu, mimi nikifuata kwa kuotea. Halafu ikaja picha kwenye simu: ukurasa wa daftari kubwa lenye jalada jeusi, safu zimepigwa kwa rula, majina kwa mwandiko wa mtu aliyesoma kwa mapadri. Nyumba ya yaya iko mstari wa tatu kutoka chini. Jina la shemeji lina msalaba mdogo pembeni, na tarehe. Chini yake jina la yaya, watoto wanne na miaka yao, na neno la Kifaransa la mtu anayelima. Safu ya mwisho, ya waliohama, ilikuwa tupu.

Chifu akauliza swali moja, na hilo yaya alinitafsiria. Aliuliza amwandike kwamba amehama, au amwache alivyo?

"Uniache," akamjibu.

Nikaipeleka picha kwa yule kijana wa kibandani aichapishe, ya rangi, mara mbili.